Stereo Iliyotaka Udongo

Mimi ni mtu wa nyumba. Nikifika getini na kurudi, hiyo naihesabu safari, na nikirudi naomba chai. Kwa hivyo mdogo wangu Kiprop aliponiambia wiki jana kwamba anapeleka pikapu yake kuukuu mjini ibadilishwe stereo, na kwamba niandamane naye nikaone jua kidogo, nilimjibu kwamba jua naliona vizuri sana kutoka dirishani. Akakata tamaa, akamwita fundi aje hapa kwangu. Fundi akaja, msichana mmoja mwenye begi la mgongoni na maneno machache, akalala chali chini ya dashibodi, miguu nje. Baada ya muda harufu ya risasi ya kuungia nyaya, inayoyeyuka, ikaingia sebuleni bila kubisha hodi.

Nikatoka nje. Mimi, bila kuitwa. Kiprop alishangaa hata akanipiga picha.

Sijui niieleze vipi harufu hiyo kwa mtu ambaye hajaishi nayo. Ina utomvu ndani yake, ina nywele zilizoungua, na ina ile ladha ya sarafu uliyoificha mdomoni ili ndugu yako asiione. Nilisimama kando ya gari na kikombe changu mkononi, na hapo hapo nikawa darasa la tatu tena, na sketi ya shule siku ya Jumamosi kwa sababu ile nyingine ilikuwa kwenye kamba.

Wakati huo tulikaa Kiplombe, nyumba ya mabati na shamba dogo nyuma yake, na baba alikuwa na pikapu. Niseme ukweli, pikapu ndiyo iliyokuwa na baba, maana ilimwamsha asubuhi na kumlaza jioni. Ilibeba mahindi ya watu kutoka Turbo na mitungi ya maziwa ya majirani. Ilikuwa ya bluu, isipokuwa mlango wa kushoto, ambao ulikuwa umetoka kwenye gari lingine na haukukubali kusahau. Ukiufungua ulilia. Ukiufunga ulilia zaidi.

Na ilikuwa na stereo iliyokula kanda. Ninyi wa umri wangu mnajua nisemalo, ninyi mliokuwa mkirudisha kanda nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri. Ungeitia kanda, ingeimba nusu dakika kwa sauti ya mtu anayezama, halafu kimya, na ukibonyeza kuitoa, utepe wa kahawia unafuata kama utumbo wa kuku. Kanda zote za baba zilikwisha hivyo. Watu wazima walisema tu, "Hiyo stereo inakula," nami nikawaamini neno kwa neno. Nilipopanda garini niliweka mikono yangu mapajani, mbali na ule mdomo.

Sasa, mama alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Mwaka huo kwaya yao ilienda studio mjini ikarekodi kanda, na kila mwimbaji akapewa yake moja. Mama aliifunga yake ndani ya leso, akaiweka kabatini nyuma ya vikombe vya wageni, mahali ambapo sisi watoto tulijua tukigusa tutazungumza na mwiko. Redio yetu ya nyumbani haikuwa na sehemu ya kanda. Kwa hivyo mama alikuwa na sauti yake kabatini na hakuwa na pa kuisikilizia.

Habari ikaenea kwamba katika ile kanda kuna wimbo ambao mama anaimba peke yake, wengine wakimjibu kwa mbali. Wamama walipokutana naye njiani walimshika mkono wa kulia kwa mikono miwili. Mwalimu wangu aliniuliza kama mimi ndiye mtoto wa yule mama. Kila mtu alikuwa amemsikia, isipokuwa baba. Baba hakuwa mtu wa kanisa. Jumapili aliosha pikapu, na ukimuuliza alijibu, "Mungu anajua nilipo. Nimeegesha hapa tangu asubuhi."

Jioni moja, tukila, akasema akitazama sahani yake, "Mama Chebet, hiyo kanda yenu siku moja tuitie kwa gari tuone."

"Kwa gari gani?" mama akauliza.

"Kwani tuko na ngapi?"

"Ile yako inakula watu. Haitanikula mimi." Akamwongezea mboga, kumaanisha kwamba maongezi yamefungwa.

Niliona jambo moja ambalo sikulielewa. Mama aliimba akiwa peke yake. Aliimba akikamua, aliimba akichambua maharagwe. Lakini baba akitokea tu, wimbo ulikatika katikati ya neno, kama mtu aliyefunga bomba. Kwa akili yangu ya darasa la tatu nilihitimisha kwamba nyimbo za kwaya ni kama sadaka: hazitolewi mbele ya watu wasioenda kanisani. Nilijiona nimekomaa sana kwa kugundua hilo.

Wiki mbili hivi baadaye baba akatangaza kwamba anabadilisha stereo. "Ni ya mpira," alisema kwa haraka, kabla hajaulizwa. "Hii ya sasa haishiki stesheni. Mtu hawezi kujua nani amefunga." Mama alisema "haya" na kuendelea kupepeta. Mimi nilirukaruka hadi kiatu kikatoka. Stereo mpya! Nilikuwa nimeona moja kwenye gari la mwalimu mkuu, yenye taa za kijani zinazopanda na kushuka. Niliwaambia darasa zima, nikaongeza kwamba yetu itakuwa na taa za rangi saba, na itazungumza Kiswahili na Kiingereza. Siku ya Ijumaa sikuweza kula.

Jumamosi tukaenda, mimi na baba peke yetu, hadi mtaa wa Huruma, mjini, kwa fundi mmoja aliyeitwa Wafula. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kimejaa redio zilizopasuliwa vifua, na yeye mwenyewe alikuwa mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alikuwa akizungumza na vyombo vyake kama watu. "Toka, mzee, umechoka," aliiambia stereo ya zamani akiing'oa, na ndani ya mdomo wake tukaona vipande vya utepe wa kila kanda tuliyowahi kupoteza. Ile ya kuweka badala yake, iliyotoka kwenye gari lililogongwa, aliifuta kwa fulana. Kwangu ilikuwa mpya kabisa. Akaunganisha nyaya moja moja, nyekundu kwa nyekundu, akichoma na kupuliza, ule moshi ukinipanda puani, na mimi nikiwa nimepiga magoti kwenye kiti cha dereva nisipitwe na chochote.

Akaiwasha. Taa zikaja! Kijani! Nilipiga kelele. Halafu ikakoroma, taa zikafifia, ikazima. Akajaribu tena, ikakoroma tena.

"Eeh," fundi Wafula akasema, akivuta miwani. "Hii haina earth."

Alilivuta neno hilo, kama mtu anayepiga mwayo. "Aath."

"Sasa?" baba akauliza.

"Sasa hakuna shida, mzee. Inataka earth nzuri tu. Bila earth haiwezi kuimba. Ngoja nitafute." Na akaondoka kwenda kwa jirani yake. Baba alitazama saa, akasema anakimbia mara moja kununua dawa ya ng'ombe, akaninyooshea kidole: "Wewe, linda gari."

Nilibaki peke yangu na stereo. Sasa, naomba mnielewe kabla hamjanicheka. Wiki hiyo hiyo mwalimu wa sayansi alikuwa ametufundisha neno hilo. Alisema earth ni dunia, na pia earth ni udongo. Dunia sikuweza kuibeba. Kwa hivyo nikachagua udongo.

Na sikuokota wowote tu. Fundi alisema nzuri. Udongo wa pale barabarani ulikuwa mwekundu, wa kukanyagwa, na mama hakuuthamini hata kidogo. Kwake udongo ni ule mweusi wa kupandia miche. Kando ya kibanda mtu alikuwa ameotesha mboga za sukuma ndani ya gunia. Nikachimba hapo kwa kifuniko cha soda, nikaupepeta kwa vidole, nikatoa mawe na mnyoo mmoja ambaye nilimrudisha nyumbani kwake. Kisha nikaulisha ule mdomo wa kanda, kifuniko kimoja, cha pili, cha tatu, nikishindilia kwa kidole. Nilifikiria pia kuumwagilia maji kidogo. Namshukuru Mungu sikuyapata.

Fundi akarudi na kipande cha waya mnene. Akafunga ncha moja nyuma ya stereo na nyingine kwenye bolti ya chuma chini ya dashibodi; hiyo ndiyo earth aliyokuwa akiitafuta, waya wa kuushikisha umeme kwenye chuma cha gari. Akaiwasha, na safari hii ikaimba! Mtangazaji akajaza gari lote, spika zikatetemeka, na mimi nikaruka kwenye kiti nikiamini kabisa kwamba hiyo ni kazi yangu. Baba akarudi akikimbia na dawa yake, akitabasamu hadi meno ya nyuma.

"Sasa tujaribu kanda," akasema.

Fundi akachukua kanda yake ya majaribio, akaisukuma. Ikakataa. Akasukuma tena. Krrr.

Akainama, akachungulia kwa tochi. Akaingiza ncha ya bisibisi, akaitoa, akaitazama, akainusa.

"Mzee," akasema polepole, "hii gari imetoka wapi? Shambani?"

"Kwa nini?"

"Maana hapa ndani kuna shamba."

"Ni mimi," nikasema, nikijinyoosha. "Nimeipatia earth. Ile nyeusi. Si ile ya barabara."

Fundi Wafula alinitazama. Kisha akakaa chini, pale pale mavumbini, akavua miwani, akacheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, machozi yakimtoka. "Wuui! Umepanda nini, mama? Mahindi ama maharagwe? Mbolea umeweka?"

Baba hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa, maana baba alikuwa mtu wa kucheka hata gari likikwama tope. Alishika paa la pikapu kwa mikono miwili na kutazama ndani, pale penye udongo.

"Fundi," akasema. "Hii inapona?"

"Mzee, wewe si ulisema ni ya mpira? Mpira utasikia vizuri kabisa. Redio iko sawa. Ni hii ya kanda ndiyo imelimwa."

"Sitaki mpira."

"Sasa..."

"Nimesema sitaki mpira!" Kisha akashusha sauti, akanitazama kama anayepima iwapo nasikia. Nikatazama pembeni. Hakuna mtoto anayesikia vizuri kama yule anayetazama pembeni. "Ni bibi yangu," baba akasema. "Ameimba kwa kanda. Kila mtu amesikia. Hata huyo anayeniuzia dawa ya ng'ombe ameniambia saa hii, ati nina bahati. Mimi sijasikia."

"Si umwambie akuimbie nyumbani?"

Baba alikwangua kitu fulani kwenye rangi ya gari kwa ukucha. "Wakati nimemuoa tu, alikuwa anaimba akikamua. Nikamwambia, punguza, ng'ombe ataficha maziwa. Nilikuwa nafanya mzaha. Alicheka pia. Lakini hajawahi kuimba tena nikiwa karibu. Si kununa, hapana. Anaacha tu. Miaka yote hii."

Fundi alivaa miwani yake tena. Akaingia ndani ya gari, akafungua alichokuwa amefunga, na kuitoa ile stereo nzima.

Ilichukua mchana wote. Aliivua kifuniko, akailaza juu ya gazeti, na nikaona jinsi udongo wangu mzuri ulivyojipenyeza kwenye kila gurudumu dogo na kila mkanda mwembamba. Alitumia mswaki. Alitumia pamba iliyofungwa kwenye kijiti, akiichovya kwenye spiriti. Alipuliza kwa mdomo hadi akawa na ndevu nyeusi. Mimi nilipewa kazi ya kushika skrubu, sita, kiganjani, na nilizishika kwa nguvu kiasi kwamba zilinichora. Sikulia. Nilikuwa nimeelewa nusu tu ya aliyoyasema baba, lakini nusu hiyo ilitosha. Nilikuwa nimeshindilia kidole changu kwenye koo la mama.

"Skrubu," fundi alisema kila mara, akinyoosha mkono. "Asante, bwana shamba."

Alipomaliza, akatia kanda yake. Tuliinama wote watatu. Ikazunguka. Ikaimba! Baba hakuridhika. Akaiacha icheze upande mzima, kisha upande wa pili, akiwa ameshikilia mlango, akisikiliza kama daktari. Haikula hata wimbo mmoja. Fundi akampigia makofi baba, baba akampigia makofi fundi, na mimi nikarushwa juu nikadakwa, mtu mzima wa darasa la tatu, mbele ya Huruma yote.

Njiani kurudi baba alifungua dirisha na kupiga honi kwa watu asiowajua. Tulipokata kona ya kuingia kwetu akasema, "Chebet. Mama asijue."

"Asijue nini?"

"Mambo ya kilimo."

Mama alikuwa nje, amesimama karibu na jiko, ameshika mwiko. Baba aliegesha gari karibu naye kuliko kawaida, hadi kuku wakalalamika. Akashuka.

"Mama Chebet. Lete hiyo kanda."

"Jaribu na yako kwanza."

"Zangu zililiwa zote, unajua. Lakini tumejaribu na ya fundi, pande mbili. Uliza mtoto."

Mama akanigeukia mimi. Alijua ni nani nyumbani mle asiyejua kudanganya. "Haikula?"

"Haikula," nikasema. "Imeshiba."

Mama akamtazama baba. Baba akatazama mawingu. Sijui mama alisoma nini usoni kwake, ila aliona uchafu mweusi kwenye kucha zangu, akaona shati la baba lilivyolowa jasho, na akaona kwamba mtu mzima amekaa mjini kutwa nzima kwa ajili ya kitu fulani. Akaniachia mwiko. Aliingia ndani, nikasikia vikombe vya wageni vikigongana, akatoka na leso.

"Ikikwama," alisema akimpa, "usivute. Uniite mimi."

Alirudi kwenye jiko lake akatugeuzia mgongo. Baba alikaa kwenye kiti cha dereva, mimi kando yake. Alifuta mikono kwenye suruali mara mbili. Akaitia kanda kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayemtia mtoto kitandani, na mimi nikajifunika macho.

Msss. Kisha kwaya. Watu wengi, kinanda, kila mtu akijitahidi asikike. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila wimbo ulipoisha baba aliinama kidogo mbele. Ukaja wa mwisho wa upande ule. Kinanda kikanyamaza, na sauti moja ikatoka.

Nilifungua macho. Niliijua sauti hiyo kwa kelele na kwa kunong'ona, kwa "njoo hapa" na "umekula?" Sikuijua hivi. Ilikuwa imenyooka, haina haraka, imejaa gari lote hadi mlango wa kushoto. Baba alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu anayeendesha kwenye mvua, na gari lilikuwa limezimwa. Kule jikoni mama hakuwa akikoroga kitu, maana mwiko nilikuwa nao mimi.

"Umenivusha mto," ile sauti iliimba, "viatu vyangu..."

Klak.

Kanda ilikuwa imefika mwisho. Baba alibonyeza kwa wasiwasi akaitoa: nzima, safi, haijaliwa. Akaigeuza. Upande wa pili ulianza na wimbo mwingine kabisa, wa wanaume. Akairudisha. Ilikuwa tu kwamba wale wa studio walipima vibaya, utepe ukaisha kabla ya mama.

"Ndivyo ilivyo," mama akasema kutoka jikoni, bila kugeuka, akicheka kicheko kidogo cha aibu. "Walikuwa na haraka. Kanda zote ziko hivyo."

Baba akatoa kichwa dirishani. "Viatu vimefanya nini?"

"Ni wimbo tu, Baba Chebet."

"Nimeuliza, mto amevuka. Viatu vimefanya nini?"

"Vikavu. Viatu vyangu vikavu. Sasa umejua."

"La, usiniambie," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ikiparuza kama mlango ule. "Imba."

Mama alisimama pale. Kuku walipita miguuni pake. Alitazama sufuria iliyokuwa ikichemka, akatazama mikono yake, akaifuta kwenye kitenge ingawa haikuwa na kitu. Kisha, bado akiwa ametugeuzia mgongo, akaanzia pale pale kanda ilipomkatia, chini chini mwanzoni, kama anayejaribu maji kwa kidole.

Stereo bado ilikuwa ikivuma msss yake. Baba akanyoosha mkono bila kuitazama, akaizima, ile stereo tuliyoihangaikia mchana kutwa, akafungua mlango ili asikie vizuri.